Mfarishi wa mtu asiyeiona nyekundu

Nianze na hili manake ndilo linaloniudhi zaidi: mtu mwenye upofu wa rangi haoni dunia nyeusi na nyeupe kama tivii za zamani. Wapo wanaoona hivyo kweli, ila ni nadra mno, kama mmoja kati ya watu 30,000 hivi, na hao hata jua la mchana linawaumiza macho. Wengi waliobaki wanaona rangi vizuri tu, ni vile kuna rangi fulani ambazo kwao zinaingiliana, nyekundu na kijani ndizo mashuhuri, na ukimwambia mtu hivyo swali linalofuata unalijua kabla hajafungua mdomo. "Hebu, shati langu hili rangi gani?" Ndugu yangu ameulizwa hilo tangu chuoni, na siku hizi anajibu "zambarau" kwa kila kitu, hata kanzu nyeupe, ili watu wacheke wamwache.

Mimi nashona. Nina cherehani huku Langoni, Lamu, nashona madera, mapazia, foronya za makochi, na vipande vinavyobaki sivitupi, natia guniani, nikipata nafasi naunganisha mifarishi ya viraka. Utauliza Lamu na joto hili nani anajifunika mfarishi? Hakuna, labda kusi ikivuma sana mwezi wa saba na wewe unalala juu darini. Lakini huyu ndugu yangu mdogo ni mwalimu na amepelekwa Nyahururu, zaidi ya mita 2,000 juu ya bahari, mtu aliyezaliwa anasikia mawimbi sasa anaamka alfajiri anaona pumzi yake inatoka moshi. Akapiga simu. "Dada, nishonee kitu kizito, na usinitie rangi za ovyo." Nikamuuliza rangi za ovyo ndio zipi. "Zile zinazofanana."

Ukitafuta intaneti utaambiwa mtu kama huyu mpe buluu na manjano, basi, kazi imekwisha. Si uongo, buluu na manjano haziwapotei. Lakini mfarishi wa buluu na manjano peke yake futi 6 kwa 7 ni kama bendera ya timu ya mpira, na zaidi ya hayo ushauri ule unaanzia pabaya, unaanza na majina ya rangi, na majina ya rangi ndiyo kitu cha mwisho kumsaidia mtu huyu. Anayeshona inabidi aanze na wepesi na uzito, yaani hiki kitambaa kinang'aa kiasi gani kikiwekwa kando ya kile, halafu rangi zije baadaye, zikipenda.

Ila kwanza inabidi ujue mteja wako ni wa namna gani. Ndani ya jicho tuna seli za rangi za aina tatu, moja inashika zaidi mwanga wa upande wa nyekundu, moja upande wa kijani, moja upande wa buluu, na ubongo unazilinganisha hizo tatu ndipo unapata rangi. Wengi wenye tatizo ni ile ya kijani ndiyo haipo au imepotoka. Ndugu yangu yeye ni ile ya nyekundu, na hao wana jambo lao la ziada: nyekundu kwao haichanganyikani tu na kahawia, inaingia giza. Kitambaa cha damu ya mzee kwake ni cheusi, hivyo tu, nyeusi. Leso nyeusi iliyoandikwa jina kwa nyekundu yeye anaona leso nyeusi haikuandikwa kitu. Kalamu yake ya kusahihishia daftari ameizungushia plasta kwenye kifuniko, manake wino ukishakauka karatasini hautofautishi na wa mwanafunzi aliyeandika kwa nyeusi.

Alipokuwa kijana alitaka boti, na sisi huku nani hataki. Usiku chombo kina taa nyekundu upande wa kushoto na ya kijani upande wa kulia, ndivyo unavyojua mwenzako anakuja au anakwenda zake, sasa kwa mtu ambaye nyekundu yake imefifia ile taa ya kushoto anachelewa kuiona na akiiona bado anakisia. Baba alitoka naye usiku mpaka mkabala wa kisiwa cha Manda akawa anamuuliza zile taa za watu moja moja. Alirudi kimya, na tangu hapo masomo yakaanza kupendwa.

Kwetu ilitoka kwa babu mzaa mama. Mzee alikuwa ananunua embe kwa kunusa na kubonyeza, tukidhani ni ubahili. Jeni za seli ya nyekundu na ile ya kijani zimekaa jirani kwenye kromosomu X na zinafanana mno, kwa hivyo kuchanganyikana kwake ni rahisi, na mwanamume ana X moja tu, ikija na kasoro hana ya akiba. Mwanamke ana mbili, moja ikiwa mbovu nyingine inamsitiri, anaona kila kitu sawa, ila mwanawe wa kiume anaweza kumpokeza ile mbovu. Ndio maana wajomba zetu wote wazima, wao X yao walichukua kwa nyanya, na mama akabeba ya baba yake bila kujua mpaka akamzaa huyu. Kwa wanaume wenye asili ya Ulaya ya kaskazini hii kitu ni kama 8 kwa kila 100, wanawake wao hata 1 kwa 100 hawafiki. Msichana ili aipate inabidi baba awe nayo na mama awe amebeba, jambo ambalo kwa sisi tunaopenda kuozana binamu si la kuchekea sana, lakini hayo tuyaache, nitagombana na watu.

Kuna Muingereza mmoja, John Dalton, huyo huyo wa mambo ya atomu, mwaka 1794 huko Manchester aliandika kuhusu macho yake mwenyewe. Alikuwa na ua ambalo wenzake waliliita pinki, yeye mchana akaliona samawati kabisa, halafu usiku akaliangalia kwa mshumaa likawa halina buluu hata kidogo, limekuwa lile ambalo yeye aliita jekundu. Wenzake hawakuona mabadiliko makubwa hivyo, isipokuwa nduguye wa damu. Akaamini kwamba maji ya ndani ya jicho lake yana rangi ya buluu inayochuja mwanga, akaacha wasia akifa macho yake yachunguzwe. Alifariki 1844, daktari akayafungua, akakuta maji meupe hayana rangi yoyote. Masalia yakahifadhiwa, na mwaka 1995 wanasayansi wakapima DNA iliyobaki wakakuta ni ile ya kijani ndiyo alikosa. Mtu amepata jibu zaidi ya miaka 150 baada ya kuzikwa!

Ninalolichukua kwa Dalton mimi fundi ni mshumaa. Nyumba zetu za mawe za Lamu kuta zake nene, vyumba vya ndani ni giza, mchana kweupe watu wanawasha balbu, na duka la vitambaa nalo kwenye kichochoro halina tofauti. Vitambaa viwili vinavyoachana vizuri nje vinaweza kuungana chini ya balbu, kwa yeyote yule, ila mtu mwenye seli pungufu anaumia zaidi kwa sababu hana cha kulinganishia. Kwa hivyo mimi muuzaji akinifungulia jora namwambia kwa heshima zote, sabalkheri bwana, tutoke nalo nje. Halafu nikirudi nyumbani naangalia tena usiku, manake mfarishi utatumiwa usiku, na ndugu yangu kwenye picha ya chumba chake aliyonitumia ana balbu moja ya manjano inayoning'inia.

Alipokuja likizo ya Agosti nilimwaga gunia lote pale dakani, mwanga wa asubuhi, kabla watu hawajaanza kupita na punda. Sikumuuliza jina la rangi hata moja. Na hii si akili yangu, ni ya daktari wa Uswidi, Frithiof Holmgren. Mwaka 1875 treni mbili ziligongana pahali panaitwa Lagerlunda wakafa watu 9, Holmgren akashuku kwamba kuna mtu hakuiona rangi ya ishara sawasawa, akaenda kuwapima wafanyakazi wa reli kwa nyuzi za sufu. Anakupa fundo moja la rangi, anakuambia nitolee humu zinazofanana nalo, basi. Hakuna kusema hii nyekundu hii kijani, kwa sababu mtu anaweza kukariri majina, tangu mtoto anajua majani ni kijani na damu ni nyekundu, atakujibu sawa na haoni. Wajapani baadaye wakaja na vile vitabu vya vidoti vyenye nambari ndani, Shinobu Ishihara alivitoa 1917, ndivyo utakavyovikuta hospitali za macho mpaka leo, lakini kwa fundi wa nguo sufu ndio lugha yetu.

Basi nikamwambia panga mafungu, vinavyofanana weka pamoja. Akakaa chini, akapanga upesi kuliko mimi, na mafungu yake ukiyatazama unacheka halafu unanyamaza. Kijani cha majani makavu, kahawia, na rangi ya chungwa iliyoiva sana vyote fungu moja. Zambarau zote kwa buluu, na nilikuwa na zambarau nzuri sana ya satini nimeiweka kwa ajili yake, nikaiona inakwenda kule kama haina habari. Pinki iliyopauka na kijivu, pamoja. Damu ya mzee kwa nyeusi, hilo tulilijua. Manjano peke yake, buluu ya bahari na buluu nzito mbali mbali, nyeupe na rangi ya maziwa akazitenga bila kusita, na humo ndani akanionyesha vitambaa viwili vya kahawia ambavyo mimi nilivihesabu kimoja, akasema hiki kizito zaidi, na kweli nilipovitoa juani kimoja kilikuwa kizito zaidi.

Nikamwambia sasa yavunje hayo mafungu, panga msururu mmoja tu, kutoka kizito mpaka chepesi. Msururu ule ndio niliofanyia kazi, niliupiga picha nikaubandika ukutani juu ya cherehani.

Hapa nisimame kidogo kuhusu simu, manake watu wengi wanashauri piga picha vitambaa vyako kisha geuza iwe nyeusi na nyeupe, utaona nini chepesi nini kizito. Ushauri mzuri sana, kila anayeshona viraka aufanye hata kama mteja wake macho yake kama ya mwewe, kwa sababu kila mtu anadanganywa na rangi, unaona nyekundu na kijani zinapigana unadhani muundo utatokeza, ukiigeuza picha unakuta kijivu na kijivu. Ila simu inatafsiri nyekundu kwa jicho la kawaida. Kwenye picha yangu nyekundu ya leso ilikaa katikati ya msururu, kwenye msururu wake ilikuwa mwisho kabisa kandoni mwa nyeusi. Kwa hiyo mteja akiwa wa namna yake, kila nyekundu ihesabu nzito kuliko picha inavyosema. Mteja wa ile namna nyingine, ya kijani, picha inatosha, hao nyekundu haiwatii giza hivyo.

Sasa leso. Mfarishi wa Mswahili bila leso sijui ni mfarishi gani. Nyingi zinafaa bila kujaribu kwa sababu leso yenyewe imeundwa kwa tofauti kubwa, pindo na mji havifanani, maandishi lazima yasomeke na jirani aliye mbali, ndio kazi yake. Kisutu kwa mfano, ile nyekundu, nyeusi na nyeupe ya maharusi, nikamuwekea kipande mbele nikamuuliza unaona nini, akasema nyeusi na nyeupe, imechorwa vizuri. Nyekundu yote imekwenda kwa nyeusi lakini muundo umebaki, kwa sababu ile nyeupe ndiyo inayobeba. Nikamuonea huruma kidogo halafu nikaona hakuna cha kuhurumia, anaona kitu kizuri.

Bendera ya Kenya nayo itazame. Nyeusi, nyekundu, kijani, ila kati yake kuna mistari myembamba myeupe. Ondoa ile mistari, mtu kama ndugu yangu nyeusi na nyekundu zitamuungania. Ukiiacha hana tabu, anahesabu mistari yote. Nimeiba hapo. Kila nilipotaka kuweka vipande viwili ambavyo yeye havitofautishi nilipitisha ukanda mweupe wa inchi moja katikati, kitambaa cha marekani tu kile cha bei ya chini, na mfarishi wote ukapumua.

Muundo nilichagua ule ambao Wamarekani wanaupenda sana, mraba mdogo katikati na vipande virefu vinauzunguka, nusu ya upande mmoja vyepesi, nusu ya pili vizito, ukiunganisha miraba mingi inatokea mistari mikubwa ya mshazari inayokatiza kitanda kizima. Wenyewe kwa desturi ule mraba wa katikati wanautia nyekundu. Nikautia manjano, manjano kali ya machoni, manake nyekundu ingeanguka shimoni kule kwenye upande mzito. Uzuri wa muundo huu kwa kazi yangu ni kwamba hauulizi kabisa ni rangi gani, unauliza chepesi au kizito, kwa hiyo zile zambarau zangu zote zikapata kazi, nikazitia upande mzito pamoja na buluu, yeye anaona buluu za namna namna, mimi naona zambarau, hakuna aliyedhulumiwa.

Na hili la kudhulumiwa tuligombana nalo na mama. Mama alisema kitu cha mtu mmoja kishonwe kwa macho ya mtu mmoja, kwa nini uhangaike na nyekundu asiyoiona? Nikamwambia mama, mtu halali peke yake milele, inshallah ataoa, na mke atalala chini ya mfarishi huo huo, na wageni watauona. Akasema basi mke aje kwanza. Mimi bado nasimama na langu. Kumuondolea rangi zote asizozitofautisha naona kama kumpikia mgonjwa uji wakati hana ugonjwa. Rangi ziwepo, ila kazi ya kushika muundo zisipewe hizo, wapewe wepesi na uzito ambao sote tunauona.

Kitu kingine kilichonisaidia ni mkono. Kikoi kina ufumaji wake, leso ya pamba ni laini, lile velveti la mapazia lina manyoya, kodorai ina mistari unaifuata kwa kidole. Vile vya majani makavu na kahawia ambavyo hakuwa anavitenga nilivipa miguso tofauti, kimoja kodorai kimoja leso, na velveti ikikunjwa inashika mwanga kivyake hata kama rangi ni ile ile. Uzi wa kupitishia juu nikatumia mweupe mnene, sikuufananisha na kitambaa kama ninavyofanyaga, ili mshono wenyewe nao uonekane. Ndani nikajaza blanketi kuukuu la sufu badala ya pamba, mzigo wake ukilala chini yake huamki hata kwa adhana, Mungu anisamehe.

Kuna waliomwambia anunue zile miwani zinazouzwa kwenye mtandao, kuna video watu wanalia wakizivaa. Miwani zile zinachuja baadhi ya mwanga, mtu anaweza kuona tofauti fulani akaifurahia, ila seli isiyokuwepo hazimrudishii, na kwa mtu kama yeye ambaye ya nyekundu haipo kabisa tegemeo ni dogo. Bei yake nayo ungejenga choo.

Pindo nilimwachia mama achague ili tupatane. Akachagua damu ya mzee, kama nilivyotarajia. Ndugu yangu akaipitisha bila neno, akasema nyeusi inapendeza, mama akanitazama, mimi nikaendelea kupiga pasi.

Amerudi nao Nyahururu kwenye basi, umekunjwa ndani ya gunia la mchele. Ujumbe alionitumia ni kwamba anataka foronya mbili za kufanana nao, na ile kikoi ya mistari buluu na manjano kama imebaki nisimpe mtu. Imebaki. Ila safari hii pesa ya uzi atume kabla sijakata.